Kutoka Uwanja wa Simenti Hadi Mshahara wa Kwanza: Ushauri kwa Vijana wa Kikapu wa Lubumbashi na Wazazi Wao

Maswali yanayotufikia yanafanana. Mzazi anauliza kama mtoto wa miaka 15 mwenye karibu mita mbili aachishwe shule ili afanye mazoezi asubuhi na jioni. Kijana anauliza kama ni kweli bwana aliyempigia simu kutoka Dubai, Dakar au Paris anaweza kumpatia timu. Kocha wa mtaani anauliza amtume wapi mchezaji ambaye hapa mjini amekwisha kuwashinda wote. Wote wanataja majina mawili: Bismack Biyombo na Oscar Tshiebwe, wazaliwa wa Lubumbashi wote wawili. Wa kwanza alichaguliwa wa 7 katika drafti ya NBA mwaka 2011, na wa pili akatajwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2022. Kisha linafuata swali lenyewe: walipitaje, na sisi tupite wapi?

Jibu letu ni hili, na yote yatakayofuata yanalitetea. Ukiwa na urefu, na mikono inayokamata mpira, miaka mitano ya mwanzo itaamuliwa na mambo mawili: nani anashika karatasi zako, na kama mahali ulipo unapata dakika za kucheza. Kijana mwenye kipaji cha wastani, karatasi safi na dakika nyingi atafika mbali kuliko mwenye kipaji kikubwa ambaye paspoti yake iko mfukoni mwa mtu mwingine na yeye yuko benchi la timu kubwa. Wengi hawapendi kusikia hivi, kwa sababu karatasi hazina shangwe. Lakini ukifuatilia safari za waliofanikiwa na za waliokwama, utakuta wamepishana hapo.

Jina na tarehe ya kuzaliwa kwanza

Anza hapa hata kama mtoto ana miaka 12. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe kwenye ofisi ya hali ya raia ya komini ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Familia nyingi za Kenya, Katuba au Rwashi hazikufanya hivyo, na hilo si aibu. Siku hizo zikipita, njia halali ni hukumu ya mahakama ya watoto, kisha cheti kinachoandikwa kwa msingi wa hukumu hiyo. Inachukua muda na fedha. Ifanyeni sasa, wakati hakuna timu inayongoja, kwa sababu haraka ndiyo inayozaa vyeti vya uongo: barua ya mwaliko imekuja, ubalozi unataka karatasi kufikia Ijumaa, mtu anajitokeza na kusema anaweza "kupanga".

Hapo tunajua pingamizi linalokuja. Watasema kila mtu anapunguza umri, na asiyepunguza ataonekana mzee mbele ya wenzake. Tulipime kwa ushahidi. Chancel Mbemba, beki wa timu yetu ya taifa ya soka, alikuwa na tarehe nne tofauti za kuzaliwa kwenye kumbukumbu, na FIFA ilimchunguza mwaka 2013 wakati alipaswa kufikiria mechi tu. Mwaka 2021 klabu ya Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mshambuliaji wake aliyejulikana kama Silas Wamangituka jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba alikuwa mkubwa kwa mwaka mmoja kuliko ilivyoandikwa. Kwa maelezo ya klabu, aliyembadilishia jina na tarehe ni wakala wa zamani aliyekuwa akiishi naye Paris, ambaye pia alishika karatasi na akaunti yake ya benki. Silas alijitokeza mwenyewe kusema ukweli, hata hivyo shirikisho la Ujerumani lilimfungia miezi 3 na kumtoza euro 30,000. Tazameni uzito wa jambo hilo. Mwaka mmoja wa uongo ulimweka kijana katika mikono ya mtu anayeweza kumwambia wakati wowote: ukinikimbia, nitasema.

Katika kikapu faida ya uongo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mchezaji wa kigeni anaweza kujiandikisha kwenye drafti ya NBA kuanzia mwaka anaotimiza miaka 19, na anaingia mwenyewe bila kuomba mwaka anaotimiza 22. Vyuo vya Marekani vinahesabu muda tangu ulipomaliza sekondari. Ukijipunguzia miaka mitatu, buletini zako za shule zitakusaliti, kwa kuwa zitaonyesha ulikuwa darasa la sita ukiwa na miaka minane. Biyombo mwenyewe alizungukwa na minong'ono kuhusu umri wake kabla ya drafti ya 2011. Kijana wa Kongo atashukiwa hata akisema kweli. Kinga yake pekee ni mlolongo wa karatasi zinazosema jambo moja tangu mwanzo.

Hizi ndizo za kuweka kwenye faili moja nyumbani, kila moja na nakala mbili na picha kwenye simu ya mzazi:

- cheti cha kuzaliwa, pamoja na hukumu ya mahakama kama kiliandikwa kwa kuchelewa;
- paspoti yenye majina yale yale, kwa mpangilio ule ule, herufi kwa herufi;
- buletini zote za shule tangu sekondari ilipoanza, na diploma ya Serikali ikipatikana;
- daftari la chanjo na ripoti za daktari, hasa za goti, kifundo cha mguu na moyo;
- leseni za kila msimu ulizochezea klabu iliyosajiliwa na shirikisho letu, FEBACO.

Kosa linalojirudia ni majina. Kwetu mtu ana jina, jina la baba na jina la ubatizo, na kila mwalimu anayapanga anavyotaka. Leseni inasema hivi, buletini vile, paspoti kivingine. Afisa wa ubalozi hajui desturi zetu, naye akiona majina matatu yaliyopishana anaona watu watatu.

Msiache shule, hata kama kocha anasema aache

Wazazi wengi wamesikia kwamba Biyombo hakupitia chuo kikuu, nao wanahitimisha kwamba shule inapoteza muda. Ni kweli hakupitia. Aliondoka Lubumbashi akiwa kijana wa miaka 16, akacheza Yemen, akaonwa na kocha Mreno Mário Palma katika mashindano Amman, Yordani, akapelekwa Hispania. Lakini angalieni ni vitu vingapi vililazimika kukutana: safari ya nje, kocha mzoefu aliyekuwepo uwanjani siku ile, klabu ya Fuenlabrada iliyokuwa tayari kumlea. Vipaji vingapi vya umri wake vilibaki bila kuonwa na Palma wao? Mpango unaotegemea kukutana na mtu asiyejulikana katika nchi isiyojulikana hauwezi kuwa mpango wa familia.

Njia ya Tshiebwe inaweza kupangwa, na shule ndiyo iliyoifungua. Alikwenda Marekani kama mwanafunzi wa sekondari, akamalizia Kennedy Catholic huko Pennsylvania, akaingia Chuo Kikuu cha West Virginia, kisha akahamia Kentucky. Katika msimu wa 2021-2022 alikuwa na wastani wa ribaundi zaidi ya 15 kwa mechi. Kabla yake Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Alitoka hapo mwaka 1991 na shahada, na akachaguliwa wa 4 kwenye drafti. Bila buletini asingekuwepo mahali ambapo kocha John Thompson angemwona.

Chuo cha daraja la kwanza kinadai masomo 16 ya msingi kutoka sekondari: hesabu, sayansi, lugha, jamii. Hati za Kongo ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo zitatafsiriwa na mfasiri mwenye kiapo. Kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 15 hana cha kutafsiri. Tena Kiingereza kinahitaji miaka, hakijifunzwi katika miezi mitatu ya kungoja viza. Kwa bahati nzuri Lubumbashi iko jirani na Zambia, na walimu wa Kiingereza waliosomea ng'ambo ya Kasumbalesa hawakosekani mjini. Saa tatu kwa wiki tangu darasa la pili la sekondari zina thamani kuliko jozi ya viatu vya dola mia mbili.

Lakini mazoezi yatafanyika saa ngapi? Jioni na Jumamosi. Mwili wa miaka 15 unaoendelea kurefuka haufaidiki na mazoezi mara mbili kila siku juu ya simenti. Magoti yanachoka kabla ya umri. Mazoezi manne kwa wiki yaliyopangwa vizuri, mechi moja, na usingizi wa kutosha: hayo yanatosha mpaka miaka 17.

Njia zilizopo na gharama ya kila moja

Kucheza nyumbani kwanza. Watu wanaidharau, nasi tunaona wanakosea. Basketball Africa League ilianza Kigali mwaka 2021, na mwaka uliofuata tu Espoir Fukash ya Lubumbashi ilikuwa uwanjani Cairo. Haikufika mbali, ndiyo, lakini wachezaji wake walionekana na makocha na maskauti wa mabara mengine bila kulipia viza ya majaribio. Ligi hiyo pia ina utaratibu wa kuweka kijana wa NBA Academy katika kila timu. Chuo chenyewe, cha kulea vipaji, kilianza mwaka 2017 nacho kiko Saly, Senegal, na kinachagua vijana bila kuwatoza. Kijana wa miaka 17 anayecheza dakika 25 kwa mechi dhidi ya wanaume wa hapa anajifunza zaidi kupigana chini ya kikapu kuliko anayetazama mechi akiwa amevaa jezi nzuri ya akademia ya Ulaya.

Ulaya ni njia ya klabu. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18 isipokuwa katika hali maalumu, na klabu mpya inapaswa kuonyesha kwamba itamsomesha na kumlea. Kwa hiyo mtu anayesema "klabu ya Ufaransa inamtaka mtoto wenu wa miaka 16, tutamwingiza kimya kimya" anawaambia, bila kutaka, kwamba hana klabu. Biyombo naye hakuruka moja kwa moja hadi ligi kuu ya Hispania. Alianza Illescas, timu ya daraja la chini, akapanda Fuenlabrada mwanzoni mwa 2011. Miezi michache baadaye, Aprili, alicheza Hoop Summit mjini Portland na kupata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Wanaosimulia mechi ile wanasahau Illescas.

Marekani ni njia ya shule, na tumeieleza. Tuongeze onyo moja la pesa. Tangu 2021 wanafunzi wa Marekani wanaweza kulipwa kwa matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji. Lakini viza ya mwanafunzi inabana kazi ya kulipwa ndani ya Marekani. Tshiebwe, akiwa mchezaji bora wa nchi nzima, alilazimika kufanyia shughuli zake za matangazo Bahamas wakati timu ilipokwenda huko kiangazi cha 2022. Yeyote anayemwahidi mzazi kwamba "chuo kitamlipa mtoto mara moja, atawatumia pesa" aeleze kwanza atapita vipi hapo. Kosa la viza linaweza kumaliza masomo na mchezo siku moja.

Anapokuja mtu na ahadi

Mawakala wakweli wapo, na bila wao wachezaji wengi wasingesikilizwa. Hatusemi wote ni wezi. Tunachosema ni kwamba wakala mkweli haogopi maswali, na mzazi ana haki ya kuyauliza hata kama mgeni amekuja na gari zuri na kuwaita wazee wa nyumba kwa heshima. Muulizeni:

- Leseni yako ya FIBA ni namba ngapi? FIBA huchapisha orodha ya mawakala wake. Itafuteni wenyewe, msikubali picha aliyowatumia.
- Klabu au shule gani, na nani pale? Tupe barua, nasi tutawaandikia kwa anwani tuliyoipata sisi, si uliyotupa wewe.
- Nani analipa tiketi ya kwenda, na nani analipa ya kurudi mambo yakiharibika?
- Utachukua asilimia ngapi, ya nini, kwa muda gani? Kwa mikataba ya NBA chama cha wachezaji kimeweka kikomo cha asilimia 4. Ulaya imezoeleka hadi 10. Mkataba na wakala uwe wa miaka miwili, usizidi.
- Mtoto ataishi na nani, na je, tunaweza kuongea na mtu huyo leo, kwa video?

Akidai pesa ya "majaribio", msimpe. Timu inayomtaka mchezaji inagharimia kumwona. Pesa halali unazolipa zinakwenda moja kwa moja kwenye ofisi yenyewe, kwa risiti: paspoti, ada ya viza, mfasiri. Kumbukeni pia kwamba mahojiano ya viza ya Marekani yako Kinshasa, kwa hiyo bajeti ya ndege ya ndani iwepo, na kanuni za viza ziulizwe ubalozini kwenyewe kwa kuwa hubadilika.

Wengine watasema udanganyifu ni wa Afrika na Ulaya, Marekani kuna sheria. Sheria zipo, ndiyo maana mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko Charlotte, North Carolina, ilimhukumu kifungo mwenye shule moja ya binafsi aliyekubali kuwaandikisha vijana wa kigeni wengi, wengi wao wanamichezo, kwa malipo, hali hawakuwa wakisoma kwake. Vijana wenyewe walikuwa wametawanywa kwingine, wakiwa na karatasi zinazosema uongo kuhusu mahali walipo. Basi kabla mtoto hajapanda ndege, soma jina la shule lililoandikwa kwenye fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, piga simu shule hiyo, uliza kama wanamjua mtoto wako na lini masomo yanaanza. Mtoto akifika akapelekwa mahali pengine, mwambie aende kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa shule iliyoandikwa, siku ile ile. Kukaa kimya kwa sababu ya aibu ndiko kunakofanya tatizo la wiki moja liwe la miaka.

Na paspoti? Inakaa kwa mwenye jina lililoandikwa ndani yake. Klabu ikiihitaji kwa usajili, inapiga nakala na kuirudisha. Jambo hili halina mjadala, hata kama anayeishika ni mjomba.

Mkataba wa kwanza

Watu wanauliza mshahara kwanza. Sisi tunashauri usome mwisho wa mkataba kwanza, mahali panapoeleza unavyotoka. Biyombo alipochaguliwa Juni 2011 alikuwa bado na mkataba na Fuenlabrada, na klabu ilidai pesa ya kuuvunja. Mgogoro ulidumu hadi Desemba ndipo njia ikafunguka. Alikuwa na bahati: msimu wa NBA wenyewe ulikuwa umechelewa kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, kwa hiyo hakupoteza mechi nyingi. Mwingine angepoteza nusu ya msimu wake wa kwanza. Kifungu kinachosema "mchezaji ataondoka kwa kiasi fulani, tarehe fulani" kinaonekana kidogo siku ya kusaini, na ni kikubwa siku ya kuondoka.

Msifikiri karatasi zinaumiza mchezaji peke yake. Katika soka, mwaka 2011 CAF iliiondoa TP Mazembe ya hapa mjini, bingwa mtetezi, katika Ligi ya Mabingwa baada ya Simba ya Tanzania kulalamika kwamba Janvier Besala Bokungu alichezeshwa bila kuwa halali, kwa sababu ya mkataba wake na Espérance ya Tunis. Mji mzima ulilia kwa saini ya mtu mmoja. Katika kikapu karatasi inayolingana na hiyo ni barua ya ruhusa ya uhamisho inayotolewa na shirikisho la nchi unakotoka. Bila hiyo huwezi kusajiliwa nje. Iombeni kupitia klabu mpya na FEBACO mapema, na mhakikishe klabu ya Lubumbashi haikudai kwamba bado una mkataba nayo. Kama ulisaini chochote hapa, hata kwenye karatasi ya daftari mbele ya rais wa klabu, sema ukweli.

Hivi ndivyo vya kutafuta ndani ya mkataba kabla ya kalamu:

- tarehe ya kila malipo, sarafu yake, na kama kiasi ni kabla au baada ya kodi;
- nani anagharimia nyumba, chakula, tiketi ya likizo na bima ya matibabu;
- kinachotokea ukiumia, hasa kama mshahara unaendelea na kwa miezi mingapi;
- ni siku ngapi za kuchelewa kwa mshahara zinakuruhusu kuondoka huru;
- kifungu kinachopeleka migogoro kwenye Mahakama ya Usuluhishi ya Kikapu, BAT, ya Geneva.

Hicho cha mwisho wengi hawakijui. Kisipoandikwa, utalazimika kuishtaki klabu katika mahakama za nchi yake, kwa lugha yake, ukiwa umekwisha kufukuzwa kwenye nyumba yao. BAT si bure na si ya haraka kama tungependa, ila klabu inayokataa kulipa baada ya uamuzi wake inaweza kuadhibiwa na FIBA. Klabu ikikataa kifungu hicho kiwemo, umepata habari muhimu kuhusu klabu hiyo. Na usisaini lugha usiyoisoma. Kihispania au Kituruki kitafsiriwe, na nakala yenye saini za pande zote itumwe nyumbani siku ile ile.

Miaka miwili ya kwanza kazini

Hapa matarajio ya familia na hali ya mchezaji hutengana sana. Msimu wa kwanza wa Biyombo huko Charlotte, timu yake ilishinda mechi 7 na kupoteza 59, wastani mbaya kuliko yoyote katika historia ya NBA. Mbaya? Kwa mchezaji chipukizi, hapana kabisa: timu dhaifu ilimpa dakika ambazo bingwa asingempa. Mkataba wake wa kwanza ulipokwisha mwaka 2015, Charlotte haikumbakiza, naye akakubali Toronto kwa mkataba wa miaka miwili wa karibu dola milioni 6 wenye kifungu cha kumruhusu kuondoka baada ya mwaka mmoja. Alicheza mechi zote 82, akachukua ribaundi 26 katika mechi moja ya nusu fainali dhidi ya Cleveland, na kiangazi kile kile Orlando ikampa dola milioni 72 kwa miaka minne. Alichagua mahali pa kucheza na mlango wa kutokea, na fedha zikafuata.

Tshiebwe anafundisha upande mwingine. Mchezaji bora wa vyuo wa 2022 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2023. Akaingia kwa mkataba wa njia mbili na Indiana, baadaye Utah, akicheza zaidi katika G League, ligi ndogo ya NBA. Kila timu ya NBA ina nafasi tatu za mikataba hiyo. Mshahara ni nusu ya kima cha chini cha mchezaji mpya, yaani zaidi ya dola nusu milioni, na mechi za NBA zenyewe zina kikomo cha 50. Anayecheza G League bila mkataba huo hupata zaidi kidogo ya dola 40,000 kwa msimu, kabla ya kodi, katika nchi ambayo nyumba peke yake inakula sehemu kubwa. Wazazi, tafadhali lieleweni hilo kabla ya kumpigia kijana simu kuomba bati za nyumba nzima na karo za binamu wanane. Anayesema "hana kitu mwaka huu" anaweza kuwa anasema kweli.

Tunajua kumsaidia mzazi ni wajibu na hatutaki ufutwe. Biyombo alitoa mshahara wake wa msimu wa 2021-2022, zaidi ya dola milioni moja, kwa ajili ya hospitali ya kumkumbuka baba yake; hilo lilikuwa mwaka wa kumi na moja wa kazi yake, baada ya milioni nyingi. Mwaka wa kwanza panga kiasi kimoja kisichobadilika kwa mwezi kwa nyumba ya wazazi, kipitie kwa mtu mmoja, na maombi mengine yote yaelekezwe kwake. Weka kando gharama ya miezi sita ya maisha kabla ya kununua gari. Goti likiumia Januari, klabu ikakuacha Februari, akiba hiyo ndiyo itakayokuzuia kusaini mkataba wowote utakaoletwa Machi.

Binti zenu wana njia pia

Mwadi Mabika wa Kinshasa alikuwa Los Angeles Sparks tangu WNBA ilipoanza mwaka 1997, na akashinda ubingwa mwaka 2001 na 2002. Karatasi, shule na maswali kwa wakala ni yale yale. Tofauti ni kwamba ligi ya Marekani ya wanawake ni ya kiangazi, kwa hiyo wengi hucheza Ulaya majira ya baridi na huwa na mikataba miwili kwa mwaka. Tarehe zake zisigongane. Vyuo vya Marekani vinatafuta wasichana warefu kwa bidii ile ile, na kwetu washindani ni wachache kwa sababu wazazi huwatoa uwanjani mapema. Kuhusu nyumba atakayoishi, ulizeni mara mbili: majina ya watu wazima waliomo, na simu ya mama wa nyumba.

Kama simu imekwisha pigwa na safari ni wiki ijayo

Usighairi kwa hofu tu, wala usiondoke kwa hofu ya kupoteza nafasi. Nafasi ya kweli inaweza kungoja siku kumi. Leo, andikia klabu au shule kwa anwani rasmi uliyoitafuta mwenyewe. Kesho, mpelekee mwanasheria au mwalimu anayesoma Kifaransa na Kiingereza vizuri kila karatasi uliyopewa, na umuulize nini kimekosekana, maana kilichokosekana huwa hatari kuliko kilichoandikwa. Kabla ya uwanja wa ndege wa Luano, kijana awe na paspoti yake mkononi, tiketi ya kurudi, dola za dharura ambazo hakuna anayejua amezishona wapi, namba ya ubalozi wa Kongo katika nchi anakokwenda, na siku moja ya wiki mliyokubaliana ya kuongea kwa video. Simu ya siku hiyo isipopigwa, msingoje ya wiki inayofuata: pigeni ninyi, kwa shule, kwa klabu, kisha kwa ubalozi.